Mlango wa Kichochoro: Hekalu Letu na Mtaa Wake



 Katika matoleo yaliyotangulia zimeandikwa habari za waasisi wetu, za jiwe la msingi, na za murti zilizovuka bahari hadi kuwekwa mahali pake patakatifu. Habari hizo ni za thamani, wala hatukusudii kuzirudia. Tulipoombwa na kamati ya uchapishaji kuandika juu ya historia, tuliona tuandike juu ya jambo lisilotajwa sana katika vitabu vyetu, nalo ni historia ya hekalu letu likiwa mkazi mmoja miongoni mwa wakazi wa mtaa. Maana hekalu nalo ni mkazi. Lina majirani wa kulia na kushoto, lina mtaro unaopita mbele yake, lina taka za kuzolewa, na lina kelele zake za ngoma na kengele zinazosikika hadi nyumba ya pili.

Wazee wetu hawakufika pwani hii wakiwa hawajui maana ya mtaa. Wengi walitoka Kutch na Kathiawar, wakapanda vyombo kutoka bandari za Mandvi, Porbandar na Jamnagar, wakisukumwa na upepo wa kaskazi. Huko walikotoka palikuwa na utaratibu wa watu kujitawala katika mambo madogo. Katika jiji la Ahmedabad utaratibu huo unaonekana hata leo katika mitaa ya kale iitwayo pol. Pol ni kundi la nyumba zilizosongamana kandokando ya njia nyembamba, na njia hiyo huanzia kwenye lango kubwa lililokuwa likifungwa usiku. Ilikuwa na mlinzi wake, kisima chake, hekalu lake, na mnara mdogo wa kulishia ndege uitwao chabutaro. Baraza la wazee, yaani panch, lilikusanya michango, likasuluhisha magomvi na kusimamia mali ya wote. Mwaka 2017 UNESCO iliuingiza mji huo mkongwe katika orodha ya Urithi wa Dunia, na mitaa hiyo ni sehemu kubwa ya sababu yake.

Lakini historia isiyosema kasoro si historia. Aghalabu pol moja ilikusanya watu wa tabaka moja au wa kazi moja. Lango lililowalinda waliokuwa ndani ndilo hilo hilo lililowatenga waliokuwa nje. Tunaomba msomaji aliweke jambo hili moyoni, kwa sababu lilitufuata hata ng'ambo ya bahari.

Mji wa Dar es Salaam ulianzishwa na Sultani Majid wa Zanzibar katika miaka ya 1860. Wajerumani walipoufanya kuwa makao makuu yao, walitoa mwaka 1891 amri ya ujenzi iliyoanza kuugawa mji kwa aina ya nyumba zilizoruhusiwa kujengwa kila upande. Waingereza wakaendeleza mgawanyo huo baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Pakawa na Uzunguni, pakawa na Uhindini, na ng'ambo ya uwanja wa wazi wa Mnazi Mmoja pakawa na Kariakoo na mitaa ya Waafrika. Sheria ilizungumzia matofali na mabati, lakini kila mtu alijua kwamba ilikuwa ikizungumzia rangi za watu. Kwa namna hiyo tulijikuta ndani ya pol tusiyoijenga wenyewe.

Yatupasa kukiri kwamba hatukuona taabu sana kuishi humo. Ndani ya Uhindini tulijipanga vizuri. Kila jumuiya ilikuwa na shule yake, maktaba yake, zahanati yake na nyumba yake ya wageni. Mtaa wa Kisutu ulipata mahekalu kadhaa yaliyokaribiana. Mjane alisaidiwa, yatima alisomeshwa, na kijana aliyeshuka melini bila senti alipata godoro na kazi ya dukani. Lakini huduma hizo ziliishia mlangoni. Mpagazi aliyebeba magunia yetu na fundi aliyeshona nguo zetu tulijua majina yao ya kwanza tu, na nyumbani kwao hatukufika.

Siasa ya kudai uhuru ndiyo iliyoanza kulisukuma lango hilo. Mwaka 1958 chama cha TANU kiliamua, katika mkutano wake wa Tabora, kushiriki uchaguzi wa kura tatu, ambamo kila mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Utaratibu huo uliwekwa ili kulinda mgawanyo, lakini ukaleta kinyume chake, kwa kuwa mgombea Mwasia alilazimika kuomba kura za Waafrika, na mpiga kura Mwasia kusikiliza sera za Mwafrika. Mwaka huo huo Mwalimu Nyerere aliposhitakiwa kwa maandishi ya kukashifu, miongoni mwa mawakili waliomtetea pamoja na D. N. Pritt wa Uingereza alikuwamo K. L. Jhaveri, Mgujarati wa mji huu, ambaye baadaye aliandika kitabu kiitwacho Marching with Nyerere. Tunalitaja jina lake kwa sababu vijana wetu hudhani kwamba watu wetu wote walikuwa wakitazama mapambano yale kutoka dirishani.

Baada ya Uhuru, tarehe 9 Desemba 1961, wale ambao hawakuwa raia kwa kuzaliwa walipewa miaka miwili kuomba uandikishwaji. Familia nyingi zilikaa mezani usiku kucha. Kaka mmoja alichukua uraia, wa pili akabaki na pasipoti ya Uingereza, wa tatu akasema tusubiri tuone. Katika Januari 1963 TANU ilifungua uanachama wake kwa watu wa asili zote, na katikati ya miaka ya 1960 ukaenezwa mfumo wa mashina ya nyumba kumi kumi, kila shina likiwa na kiongozi aliyeitwa balozi, ingawa mjini wengi wetu tulizoea kumwita mjumbe.

Hapo ndipo sisi tuliozaliwa karibu na Uhuru tunapoanza kukumbuka kwa macho yetu wenyewe. Mjumbe wetu alikuwa fundi cherehani mwenye kibaraza kandokando ya hekalu. Alikuwa mtu wa Rufiji, mpole, mwenye daftari lenye jalada jeusi. Katika daftari hilo aliandika nani anaishi wapi, nani amepata mgeni, nani amezaliwa na nani amefariki. Wazee wetu walimheshimu, lakini walimheshimu kwa mbali. Kila alipoitisha mkutano walimtuma karani wa duka, au walituma shilingi kadhaa za mchango. Nafsi zao hawakuzituma.

Kisha ukaja mwaka 1971. Mwezi Aprili ilipitishwa sheria ya kutwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Hatuandiki hapa ili kuamsha uchungu wa zamani. Wapo waliopoteza jasho la vizazi viwili, na wapo wapangaji, wakiwemo wa jumuiya yetu wenyewe, walioshusha pumzi kwa kupata kodi nafuu. Tunachotaka kukiandika ni matokeo yake katika mtaa. Waliokuwa na uwezo waliondoka kwenda Uingereza na Kanada. Waliobaki wakafunga madirisha. Ule mlango uliokuwa umeanza kufunguka ukarudishwa, na safari hii tuliurudisha kwa mikono yetu.

Madirisha yaliyofungwa hayakuzuia shida. Baada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, bidhaa ziliadimika nchi nzima. Sukari, sabuni na unga viligawiwa kwa idadi ya watu walioandikwa katika daftari la mjumbe. Ndipo ilipobainika kwamba familia zetu nyingi zilimwandikisha baba peke yake. Nyumba ya watu tisa ilistahili, kwa mujibu wa daftari, sukari ya mtu mmoja. Mjumbe angeweza kusema kwamba walioudharau utaratibu waachwe wavune walichopanda. Hakusema hivyo. Alikuja jioni moja wakati wa arti, akavua viatu na kofia, akaketi kwenye ngazi hadi ibada ilipokwisha, kisha akafungua daftari lake jeusi juu ya magoti na kuandika majina ya watu wetu moja baada ya jingine, na mama zetu wakimtamkia majina magumu herufi kwa herufi. Alipopewa prasad aliipokea kwa mikono miwili. Tukiulizwa ni siku gani jumuiya yetu iliingia katika mtaa huu, tutaitaja jioni ile.

Hata hivyo tabia ya kutuma fedha badala ya kwenda wenyewe haikutoka upesi. Ulipoletwa ulinzi wa sungusungu mjini, mwanzoni mwa miaka ya 1990, kila nyumba ilitakiwa kutoa kijana wa doria. Wengi wetu tulilipa ili vijana wetu wasikeshe. Hatukuvunja sheria, lakini tulikosa kitu ambacho fedha hainunui. Wale waliokesha pamoja wakinywa kahawa chungu usiku wa manane walijuana kwa sauti, kwa vikohozi na kwa matatizo yao ya nyumbani. Sisi tulijulikana kwa stakabadhi.

Mwaka 1994, baada ya kurejea kwa vyama vingi, ulifanyika uchaguzi wa serikali za mitaa ambao ulimpa kila mtaa mwenyekiti wake na kamati yake. Muda mfupi baadaye ndipo lilipotokea jambo ambalo ndilo lililotusukuma kuandika makala hii. Wezi waliingia hekaluni usiku, wakachukua taa mbili za shaba na sanduku la sadaka. Kamati yetu, kwa hasira iliyoeleweka, iliamua kujenga ukuta mrefu upande wa nyuma na kukiziba kichochoro kilichopita kati ya kisima chetu na nyumba za uani. Eneo lilikuwa letu na kibali cha ujenzi tulikipata. Lakini kichochoro hicho kilikuwa njia ya wanawake wa nyumba za nyuma kufuata maji ya kisima ambacho waasisi wetu walikichimba na kusema kwamba maji yake yasiuzwe wala yasinyimwe mtu. Kipindupindu kilipoenea nchini mwishoni mwa miaka ya 1970, kisima hicho kiliwasaidia watu wa mtaa mzima.

Ofisi ya mtaa ilituandikia barua kutuita mkutanoni. Hatukwenda. Ikaandika ya pili. Tukajibu kwa bahasha yenye mchango mnono wa kutengeneza mtaro. Sisi tuliokuwa vijana katika kamati tuliliona jambo hilo kuwa la busara. Bahasha ikarudishwa siku ya tatu, haikufunguliwa, na aliyeileta alikuwa bibi mmoja wa nyumba za nyuma, mkongwe, akitembelea fimbo. Alitwambia maneno ambayo hatujayasahau. "Tunashukuru kwa bahasha. Lakini bahasha haina masikio, wajukuu zangu. Sisi tulitaka mtu wa kumweleza."

Mzee mmoja wa jumuiya yetu, muuza vitambaa aliyekwisha kustaafu, alisikia maneno hayo. Jumapili iliyofuata alikwenda peke yake kwenye mkutano wa mtaa, chini ya mwarobaini, akaketi kwenye benchi pamoja na watu wengine. Zamu yake ilipofika alisimama, akamgeukia yule bibi akamwamkia, "Shikamoo, bibi." Bibi akajibu, "Marahaba, mwanangu." Mkutano ukaangua kicheko, kwa maana mwana huyo alikuwa amekwisha kuvuka miaka sabini. Baada ya kicheko hicho mazungumzo yakawa mepesi. Mzee wetu hakujitetea kwa kibali wala kwa hati. Alisema kwamba tulikosea kutokuja, kisha akaeleza habari ya wizi. Wenzake wakaeleza habari ya ndoo za maji na watoto wanaozungushwa barabarani kwenye magari. Hadi jua linazama walikuwa wamekubaliana kwamba ukuta ujengwe, na katika ukuta huo uwekwe mlango wa chuma utakaofunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa mbili usiku. Funguo zikawa tatu, mmoja kwa pujari, mmoja kwa mlinzi, na mmoja kwa mjumbe wa shina.

Hatutaki kusema kwamba wizi ulikoma siku ile. Mwizi alikuja tena baada ya miaka michache. Tofauti ni kwamba safari hiyo aliyepiga yowe alikuwa kijana wa nyumba za nyuma, na waliomkimbiza mwizi walikuwa jirani zetu, wengine kifua wazi, nao hawakusubiri kuuliza hekalu ni la nani. Mafuriko makubwa yalipoupiga mji Desemba 2011, masufuria ya khichdi yaliyopikwa na akina mama wetu yalitokea kwa mlango ule ule, yakibebwa na mikono ya pande zote mbili.

Wagujarati husema, "Pahelo sago padoshi," yaani ndugu wa kwanza ni jirani. Waswahili nao husema kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka. Lugha ni mbili, lakini mafunzo ni yale yale. Watoto wetu walioko Leicester na Toronto wanatupenda, na fedha zao zimesaidia sana maandalizi ya sherehe hizi, lakini usiku bomba likipasuka atakayegonga mlango ni jirani.

Leo tuna neno moja la kuwaomba waumini, nalo si dogo. Ramani ya ukumbi mpya imetundikwa barazani ili kila mmoja aione. Ni kazi nzuri, na tunawapongeza walioichora na waliojitolea kuigharamia. Lakini tumeitazama mara mbili, na katika ramani hiyo mlango wa kichochoro haupo. Pale ulipo leo pamechorwa stoo ya viti. Tunaamini kwamba hakuna aliyekusudia ubaya. Mchoraji ni kijana, hakuwapo mwaka ule, na hapana maandishi yaliyomweleza maana ya mlango ule wa chuma uliokwisha kushika kutu. Basi maandishi ndiyo haya. Mtu atasema kwamba siku hizi nyumba za nyuma zinapisha maghorofa na wengi wana maji ya bomba ndani. Ni kweli. Lakini mlango ule haukuwa wa maji peke yake. Kuufunga bila kuwauliza tulioafikiana nao ni kurudi kwenye enzi ya bahasha.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, ramani ipelekwe katika mkutano wa mtaa kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa, na ipelekwe na watu, wala isitumwe kwa barua. Stoo ya viti inaweza kuhamishwa. Pili, kamati ya hekalu imteue kila mwaka mjumbe wake wa kuhudhuria mikutano ya mtaa, kama inavyomteua mtunza hazina. Tatu, kila familia ijiandikishe katika ofisi ya serikali ya mtaa, watu wote wa nyumba kwa majina yao. Wengi wetu huikumbuka ofisi hiyo siku tunapohitaji barua ya utambulisho kwa ajili ya benki au kitambulisho cha taifa, na huingia tukiona haya kwa kuwa mwenyekiti hatujui. Raia yeyote aliyetimiza miaka 18 ana haki ya kupiga kura katika mtaa anaoishi. Katika uchaguzi wa Novemba 2024 tulisimama kwenye foleni, na watu wa jumuiya yetu tuliowaona hapo hawakutosha vidole vya mikono miwili. Ikiwa hatupo foleni, tusilalamike mtaro ukiziba.

Wazee wetu waliiacha pol yenye lango moja, wakaja kuishi katika mji uliogawanywa kwa amri ya wakoloni. Wakatuachia hekalu lenye milango miwili, mmoja wa mbele wa kuingilia ibadani, na mmoja wa nyuma wa kutokea kwa jirani. Ni wajibu wetu kuwaachia wajukuu yote miwili.

Tunawakaribisha majirani zetu wote katika mlo wa mahaprasad siku ya kilele. Mlango wa nyuma utakuwa wazi kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, kama kawaida. Mwenyezi Mungu aubariki mtaa wetu na wote wakaao ndani yake.